Uliza Mwalimu: Nyanya hupangwa kwa mafungu, na vijana wa drafti vilevile

Naandika haya Aprili 2025: drafti ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, inaanza Alhamisi, Aprili 24, huko Green Bay, Wisconsin, na barua zenu za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo hilo. Kwa msomaji mpya: nilifundisha michezo shuleni Muheza kwa miaka 11 kabla ya kumfuata mume wangu Indianapolis. Hapa nahudumu kifungua kinywa kwenye hoteli moja katikati ya mji. Futiboli ya Kimarekani nilijifunza kwa kukaa kwenye mabenchi ya baridi kila Ijumaa usiku, mwanangu alipokuwa akicheza shule ya sekondari. Nina daftari lenye majina ya vijana wa vyuo tangu miaka 14 iliyopita, na sijalifuta hata jina moja.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni shabiki wa Simba hapa Mwanza. Nasikia huko timu mbovu ndiyo inachagua mchezaji kwanza. Inakuwaje aliyeshindwa apewe zawadi? Na kwa nini watu wahangaike kupanga vijana kwa orodha miezi yote hiyo?

Marahaba, mwanangu. Kwanza tuelewane, drafti hii haihusiani na ile ya kete na visoda barazani. Timu 32 zinapokezana kuchagua vijana waliotoka vyuoni, kwa siku 3 na raundi 7. Mwaka huu yatasomwa majina 257. Kijana hachagui timu, na tajiri hawezi kumwendea mzazi usiku na bahasha akamchukua kabla ya wenzake. Ndiyo maana aliyeshindwa huanza. Tennessee Titans walishinda mechi 3 tu kati ya 17 msimu uliopita, kwa hiyo wao ndio wa kwanza, kisha Cleveland Browns, kisha New York Giants.

Wazo lilikuwa la Bert Bell, mwenye timu ya Philadelphia Eagles, aliyechoka kuona vijana wazuri wakienda kwa wenye fedha. Februari 1936 timu 9 zilikutana kwenye hoteli huko Philadelphia zikachagua raundi 9. Jina la kwanza lilikuwa Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, na hakucheza mechi hata moja ya kulipwa kwa sababu hawakuafikiana mshahara.

Kuhusu orodha: timu ikifikiwa zamu yake katika raundi ya kwanza mwaka huu ina dakika 10. Hapo hakuna muda wa kuanza kufikiri. Kila kitu lazima kiwe kimeshapangwa.

Habari za kazi Mwalimu. Niko Dallas, nafanya kazi ghalani na Wamarekani wanaoishi kwa mchezo huu. Nimewapa orodha yangu: 1. Shedeur Sanders, 2. Travis Hunter, 3. Cam Ward, 4. Ashton Jeanty, 5. Abdul Carter. Wananicheka tangu Jumatatu. Nimekosea wapi?

Kaka, majina ni mazuri. Ulipokosea ni kwenye namba.

Sokoni Muheza muuza nyanya hakupangii moja moja kuanzia nzuri kuliko zote hadi iliyobondeka. Anazipanga mafungu. Fungu hili bei hii, lile bei ile, na ndani ya fungu moja unachukua yoyote bila kujuta njiani. Daftari langu limepangwa hivyo. Ukiandika moja hadi kumi, jicho linaamini kwamba umbali wa wa kwanza na wa pili ni sawa na umbali wa wa saba na wa nane. Sijawahi kuona mwaka ambao hilo lilikuwa kweli. Kuna mwaka wawili wanawaacha wenzao mbali sana, halafu kumi na watano wanafuata huwezi hata kuwatenganisha.

Na hili halikutoka sokoni tu. Watafiti wawili, Cade Massey na Richard Thaler, walichunguza drafti za miaka mingi. Walichukua mchezaji aliyechaguliwa, wakamlinganisha na aliyefuata kuchaguliwa katika nafasi hiyohiyo ya uwanjani. Wa kwanza alikuja kuwa bora kuliko wa pili mara 52 tu kati ya 100. Hebu ifikirie hiyo 52. Timu zinalipa wasaka vipaji, zinarusha watu kwa ndege kutoka chuo hadi chuo mwaka mzima, na bado kumtenganisha huyu na anayemfuata ni karibu sawa na kurusha sarafu hewani. Ila kutenganisha fungu na fungu kunawezekana, na hapo ndipo jasho letu liende.

Kosa la pili, umechanganya vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya: ubora wa kijana na utabiri wa saa atakayoitwa. Naamini Cam Ward wa Miami ataitwa wa kwanza na Titans. Lakini kwangu yuko fungu la pili. Ataitwa wa kwanza kwa sababu ni kwotabeki, yule anayepokea mpira na kuamua uende wapi, na timu isiyo na kwotabeki hailali usingizi. Hitaji la timu haliongezi uwezo wa kijana. Andika orodha mbili, kurasa mbili tofauti.

Fungu langu la kwanza mwaka huu lina wawili tu. Travis Hunter wa Colorado alishinda tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, kwa kucheza pande zote mbili za mpira, jambo ambalo kizazi hiki hakijalizoea: alidaka pasi 96 kwa yadi 1,258 na tachidauni 15 (yaani kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani), kisha akageuka kuwa beki na kunasa pasi 4 za wapinzani. Watu wanabishana watamtumia upande upi. Mimi nampima upande mmoja tu, ule wa ubeki, na hata hivyo anabaki juu. Wa pili ni Abdul Carter wa Penn State. Hadi 2023 alikuwa akicheza nyuma ya mstari. Msimu uliopita walimsogeza pembeni awakimbize makwotabeki, na katika mwaka wake wa kwanza wa kazi hiyo aliwaangusha mara 12. Vipimo vya hapa Indianapolis vimeonyesha tatizo la mfupa wa mguu. Nimeliandika pembeni mwa jina lake kwa wino mwekundu, lakini sijamshusha.

Fungu la pili ni refu. Ward yumo. Jeanty yumo: yadi 2,601 kwa miguu akiwa Boise State, pungufu ya 27 tu kuufikia msimu wa rekodi wa Barry Sanders wa 1988, ingawa Jeanty alicheza mechi nyingi zaidi. Miaka kadhaa iliyopita ningeambiwa mbeba mpira hafai kuchaguliwa mapema kwa sababu miguu yao huchakaa haraka. Halafu Saquon Barkley akakimbia yadi 2,005 na Eagles msimu uliopita na kuwafikisha kwenye ubingwa, na sasa wengi wameanza kunong'ona vingine.

Shedeur Sanders wako namweka mwisho wa fungu la pili, na nitakueleza kwa nini, maana najua unampenda. Pasi zake zinafika. Asilimia 74 msimu uliopita si jambo la kubahatisha, na anapigwa akainuka bila kulalamika. Lakini aliangushwa akiwa na mpira mkononi zaidi ya mara 90 katika misimu yake 2 ya Colorado. Wanaomlinda walikuwa dhaifu, ni kweli. Ila kaa utazame mechi nzima, usiangalie vipande vilivyokatwa: mara nyingi anarudi nyuma hatua tano, sita, saba, akitafuta kitu kikubwa wakati kidogo kiko wazi mbele yake. Huko juu wakimbizaji wana kasi zaidi. Jina la baba yake, Deion, nyota wa zamani na kocha wake, limeongeza kelele pande zote, za kumsifu na za kumponda, na ninakuomba uzizime zote mbili unapomwandika.

Mwalimu, hujambo. Nilicheza raga Nairobi miaka minane. Nimesoma kwamba beki mmoja wa Kentucky amekimbia yadi 40 kwa sekunde 4.28. Je, mbio zikiwa hivyo si inatosha? Na sisi watu wa raga tuna nafasi kwenye orodha zenu?

Sijambo, ndugu yangu. Huyo ni Maxwell Hairston, na ndiye aliyekuwa na mbio kuliko wote kwenye Kombaini ya mwaka huu. Napenda neno hilo, kwa sababu kwetu Tanzania kombaini ni timu ya kuchaguliwa ya wilaya. Hapa ni wiki ya vipimo inayofanyika Indianapolis kila mwaka tangu 1987: daktari, mahojiano, kuruka, kunyanyua chuma cha kilo 102, na mbio hizo za yadi 40, mita 36 na ushee.

Mbio zina maana, sizipuuzi. Lakini mwaka 2017 John Ross alikimbia 4.22, rekodi ya wakati huo, akachaguliwa wa 9, na hakuwa yule waliyemtarajia. Mwaka 2000 kijana mmoja wa Michigan alikimbia 5.28, makwotabeki 6 wakachaguliwa mbele yake, yeye akaitwa wa 199. Huyo ni Tom Brady, mwenye mataji 7.

Nami nina makosa yangu mawili, na yote yananiuma. La kwanza ni la Muheza, wakati wa kuchagua timu ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Nilikuwa na saa ya kuhesabia sekunde, mpya, na niliiamini kupita macho yangu. Kulikuwa na kijana wa kidato cha tatu, mzito wa miguu, lakini mpira ulipodondoka alikuwa pale. Kila mara. Nikamwacha kwa sababu ya mita 100. Mwaka uliofuata alihamia shule ya wilaya jirani, tukakutana naye uwanjani, na mabao yote mawili waliyotufunga yalipitia miguuni mwake. Baada ya mechi alikuja kunisalimia, shikamoo mwalimu, kwa adabu zote, nami nilikosa la kumwambia.

La pili ni la hapa. Mwaka 2023 nilikuwa nimemwandika Anthony Richardson wa Florida fungu la tatu. Sababu iko kwa mwandiko wangu mwenyewe: "ameanza mechi 13 tu, pasi fupi zinapotea." Halafu nikamwona kwenye runinga akiruka juu inchi 40 na nusu, zaidi ya mita moja, hakuna kwotabeki aliyewahi kuruka vile kwenye Kombaini, na kukimbia 4.43 akiwa na mwili wa mlango. Nikachukua kalamu nikampandisha fungu la kwanza. Colts wetu wakamchagua wa 4. Msimu uliopita pasi zake zilizofika hazikutimia nusu, na mwezi uliopita timu imemleta Daniel Jones wagombanie nafasi. Bado ni kijana na namwombea. Lakini nilichokiona kwenye mechi 13 kilikuwa kweli, na nilikifuta kwa sababu ya mruko mmoja. Tangu hapo nafunga daftari kabla ya Kombaini. Baada ya hapo ruhusa yangu ni kuongeza maelezo pembeni, hasa ya daktari. Kuhamisha jina, hapana.

Mwaka huu kuna mfano mwingine wa vipimo. Will Campbell wa LSU amemlinda kwotabeki wake upande wa kushoto kwa misimu 3 mfululizo. Hapa wakampima mkono wakakuta inchi 32 na kitu, na wazee wa kazi hii wanataka 33. Tofauti haifiki sentimita moja, na kwa ajili ya hiyo kuna watu wamemhamisha nafasi nzima ya uwanjani. Misimu mitatu ya mechi, kaka, dhidi ya wakimbizaji wakali wa kusini! Kwangu yuko fungu la pili na hatoki.

Kuhusu raga: nafasi ipo, ila mara nyingi haimo kwenye orodha. Mkenya mwenzako Daniel Adongo alitoka kwenye raga akasajiliwa na Colts hapa Indianapolis mwaka 2013 bila kupitia drafti, na Desemba ya mwaka huo alishuka uwanjani. Jordan Mailata wa Australia alikuwa mtu wa raga ya ligi, hajawahi kucheza mechi hata moja ya futiboli, Eagles wakamchagua wa 233 mwaka 2018. Februari mwaka huu alikuwa nguzo ya kushoto ya mabingwa. Nani angemweka fungu gani? Mimi nina ukurasa wa nyuma kabisa wa watu wa namna hiyo, wasio na mechi za kutazama, na siwachanganyi na wengine.

Mwalimu, mimi ni mama wa Minnesota, tulitoka Kigoma. Mwanangu ana miaka 17, anacheza futiboli shuleni. Kuna mitandao inawapa vijana nyota, mmoja hadi watano, na yeye hana hata moja. Amekuwa hali chakula vizuri. Nimwambie nini?

Pole sana, dada yangu. Barua yako niliisoma mara mbili.

Mwambie habari za Cam Ward, ambaye wiki ijayo huenda akawa jina la kwanza kusomwa. Akiwa sekondari Texas, timu yake ilikuwa ya kukimbia tu, karibu hairushi mpira, kwa hiyo hakuna aliyemwona akirusha. Hakuwa na nyota hata moja. Akapata nafasi chuo kidogo, Incarnate Word, cha San Antonio. Kutoka hapo akaenda Washington State, kutoka hapo Miami, na msimu uliopita amerusha tachidauni 39. Nyota zile hutolewa na watu wanaotazama vijana maelfu, na wanaanza na shule zinazojulikana. Kijana wa Kigoma aliyeingia shule isiyo na jina anaonekana mwishoni au haonekani.

Lakini, dada, nisikudanganye kwa jina moja. Wengi wasio na nyota hawafiki, na wenye nyota tano wengi pia hawafiki. Kwa hiyo kaa naye muulizane: anaupenda mchezo, au anapenda kuonekana? Kama anaupenda, achukue mechi zake nzima, azitume mwenyewe kwa walimu wa vyuo vidogo vya karibu, na barua fupi yenye alama zake za darasani. Alama zinafungua milango ambayo nyota hazifungui.

Jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Miaka michache iliyopita, pale hotelini ninakohudumu, msaka vipaji mmoja, mzee wa kimya, alisubiri wenzake waondoke mezani, akaniuliza kuhusu kijana fulani aliyekula pale asubuhi ile: je, aliwasalimia wahudumu? Nikamwambia ndiyo, na aliniletea sahani yake mwenyewe. Akaandika kitu. Umelea mtoto kwa malezi ya kwetu, hilo tayari analo. Na umlazimishe ale.

Jambo Mama Mwalimu. Ni miye wa Lubumbashi. Kuna Mukongomani alishawahi kuchaguliwa mbele kwenye hiyo drafti?

Jambo sana, ndugu. Yupo. Tim Biakabutuka alizaliwa Kinshasa, akakulia Montreal, akachezea Michigan. Novemba 1995 aliwakimbilia Ohio State yadi 313 katika mechi moja, na ukitaka kujua ukubwa wa jambo hilo mtaje jina lake mbele ya mtu yeyote wa Ohio. Mwaka 1996 Carolina Panthers walimchagua wa 8. Majeraha yalimkata miguu mapema, lakini ile siku ya Ohio State bado inasimuliwa.

Mwalimu, sisi majirani zako hapa Indianapolis tuna chaguo la 14. Runinga kila siku inasema jina jipya. Wewe unasemaje?

Jirani, punguza sauti ya runinga. Ugomvi maarufu kuliko wote wa orodha ulikuwa wa timu yetu. Mwaka 1994 Colts walikuwa na chaguo la 2 na la 5. Kwa la 5 walimchukua Trev Alberts, na Mel Kiper, mchambuzi wa runinga ya michezo ya ESPN, akawasema hewani kwa nini hawakumchukua kwotabeki Trent Dilfer. Mkuu wa Colts, Bill Tobin, akaja mbele ya kamera kwa hasira akauliza huyo Kiper ni nani hasa. Alberts aliumia akaacha baada ya misimu 3. Dilfer alikuja kupata pete ya ubingwa na Baltimore. Watu wanakumbuka ugomvi huo mpaka leo. Wachache wanakumbuka kwamba kwa chaguo la 2, siku hiyohiyo, Colts walimchukua Marshall Faulk, ambaye leo yuko kwenye Jumba la Mashujaa la mchezo huu.

Jina ninalolitaka mimi ni Tyler Warren wa Penn State, kama atakuwa hajachukuliwa. Ni mpokeaji mnene, anazuia kama mtu wa mstari, na amedaka pasi 104. Katafute mechi yake na USC ya Oktoba: kuna mchezo mmoja ambapo yeye ndiye anaanzisha mpira kutoka katikati, kisha anakimbia mbele na kuudaka akiwa ndani ya eneo la tachidauni. Nilikuwa nakunja nguo siku hiyo, na nikasimama. Kwotabeki wetu, awe Richardson au Jones, anahitaji mtu mkubwa wa karibu wa kumtupia. Warren akiondoka, Colston Loveland wa Michigan yuko fungu lilelile, na sitanuna.

Majina yataanza kusomwa Alhamisi saa 2 usiku kwa saa zetu za hapa. Kwa walio nyumbani ni saa 9 usiku wa kuamkia Ijumaa. Nitumieni mafungu yenu kabla ya hapo, sababu moja kwa kila jina, kwa mkono wenu, na tarehe mliyoandika.